Kuagiza vitu Marekani ukiwa Kanada: njia zenye nafuu na ile ya kuikimbia

Dereva alikuwa na kifurushi kwapani na mashine ya kadi mkononi. Ndani mlikuwa na buti za baridi nilizoagiza kwenye duka la mtandaoni la Marekani kwa bei ambayo kwa hela ya hapa ilikuwa dola 95, usafiri bure. Akaniambia bado dola 49 na senti 8. Nikajua ni ushuru, serikali haikosi lake. Theluji ilikuwa imeshapanda ngazi ya pili ya mlango, sikuwa na muda wa kubishana. Nikagonga kadi, nikaenda kusoma karatasi jikoni.

Kodi: 12.35. Ushuru wa forodha: sifuri. Ada ya kampuni kwa kuandaa nyaraka na kunitangulizia malipo: 32.50. Kodi juu ya hiyo ada: 4.23. Kwa hiyo serikali ilitaka dola kumi na mbili kwenye buti zangu, na kampuni ya vifurushi ikajilipa karibu mara tatu yake kwa kazi ya kunipelekea hizo kumi na mbili forodhani.

Naishi Windsor, Ontario. Detroit naiona ng'ambo ya mto, usiku hata taa za ofisini nazihesabu. Tangu siku ile siulizi tena "usafiri shilingi ngapi?" peke yake. Nauliza nani atakayegomboa mzigo, na kwa bei gani. Hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Namba tatu za kukaa nazo kichwani: 20, 40, 150

Hizi ni dola za Kanada, na zote hapa chini ni za Kanada nisiposema vinginevyo. Mzigo wa dola 20 kushuka chini, kutoka nchi yoyote, kwa posta au kwa kampuni, hauna kodi wala ushuru (sigara na pombe hazimo). Tangu tarehe 1 Julai 2020, ulipoanza mkataba mpya wa biashara wa Kanada, Marekani na Meksiko, mizigo inayotoka Marekani au Meksiko ilipata unafuu zaidi: hadi dola 40 hulipi chochote, ikizidi 40 hadi 150 unalipa kodi ya mauzo tu, ushuru wa forodha hakuna.

Lakini unafuu huo ni wa mizigo inayoletwa na kampuni za vifurushi. Ya posta haihusiki, yenyewe imebaki na dola 20 zake. Watu wengi wanakosea hapa, na mimi nilikuwa kwenye hilo kundi: nilishauriwa "agiza kwa posta tu, ndiyo rahisi", nikaamini.

Tupige hesabu ya buti zilezile. Zilitengenezwa Vietnam, na viatu vingi vya aina hiyo hutozwa ushuru wa asilimia 18 hivi. Zingekuja kwa posta ningelipa ushuru 17.10, kisha kodi ya Ontario ya asilimia 13 juu ya jumla, yaani 14.57, kisha ada ya Canada Post ya kushughulikia mzigo wa forodha, 9.95. Jumla 41.62. Nafuu kidogo kuliko nilichotozwa mlangoni, ila si ya kujivunia. Kwa kampuni ambayo ada ya forodha imeshaingizwa kwenye nauli ningelipa 12.35, basi.

Kwa hiyo sheria inakupendelea ukitumia kampuni, halafu kampuni inakunyang'anya ule upendeleo kwa ada yake. Mpangilio wangu wa njia unafuata hilo.

Ya kwanza: mzigo ambao tayari uko Kanada, au bei iliyomaliza kila kitu

Haina ujanja wowote, ndiyo maana watu wanairuka. Duka kuwa na anwani inayoishia na .ca hakumaanishi bidhaa iko Kanada. Tafuta mahali palipoandikwa inatumwa kutoka wapi. Kama ghala liko Mississauga au Calgary, hakuna forodha, hakuna wakala, na ukiirudisha hairudi kwa kuvuka mpaka.

Kama bidhaa iko Marekani, tafuta duka linalokutoza kodi na gharama za forodha palepale unapolipa na kuandika wazi kwamba mlangoni hudaiwi tena. Wakati mwingine bei hiyo inaonekana kubwa. Ilinganishe na bei ya kawaida ukijumlisha na malipo ya mlangoni kabla hujaisema vibaya.

Ya pili: huduma ya haraka, ada ikiwa ndani ya nauli

Hapa ndipo mtu anapojikwaa kwa kubana matumizi. Kampuni hiyohiyo inaweza kuwa na huduma ya barabarani, ya bei poa au ya bure, na huduma ya haraka ya ndege. Ile ya haraka mara nyingi kazi ya kawaida ya forodha imo ndani ya nauli. Ile ya barabarani ada yake inakusubiri mlangoni. Kwa hiyo nauli ya dola 18 inaweza kuwa rahisi kuliko nauli ya bure. Muulize muuzaji jina kamili la huduma, si jina la kampuni tu, kisha usome orodha ya ada ya kampuni yenyewe. Angalia pia kama kuna ada ya kutanguliza malipo, kwa sababu hiyo huwa inabaki hata ile ya kuandaa nyaraka ikiondolewa.

Njia hii inafaa zaidi kwa nguo, viatu na mabegi ya kati ya dola 40 na 150, vitu ambavyo ushuru wake ni mkali. Ukiwa na vitu vya dola 200, usikimbilie kuvijaza vyote kwenye kikapu kimoja. Na kumbuka kubadili hela: dola 115 za Marekani siku hizi zimeshavuka 150 za hapa.

Ya tatu: posta

Baada ya kuisema hivyo, posta nayo ina siku zake. Ada yake ni ileile 9.95 hata mzigo uwe wa dola 600, na haitozwi kama hakuna kodi wala ushuru. Kwa vitu ambavyo ushuru wake ni sifuri, kama vitabu, kompyuta mpakato na simu, utalipa kodi na hiyo 9.95 tu. Mzigo ukiingizwa USPS, posta ya Marekani, kule, huku unapokelewa na Canada Post. Ubaya wake ni kwamba huna uhakika: vingine vinapita bila kutozwa, vingine vinakaa forodhani mpaka unasahau uliagiza nini.

Posta ndiyo njia ya zawadi za nyumbani pia, na hapa nitakaa kidogo. Mama akikutumia kitenge na dera kutoka Dar, ule unafuu wa 40 na 150 haukuhusu, Tanzania si Marekani. Kinachokuhusu ni kanuni ya zawadi: kitu cha dola 60 kushuka chini, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kinaingia bure. Kikizidi, unatozwa kwa kile kilichozidi. Mwambie aweke kadi ndani au aandike kwenye fomu kwamba ni zawadi, na aandike thamani ya kweli. Duka ulilolilipa mwenyewe haliwezi kukutumia "zawadi".

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wengi wanaouza vitenge huku hawalijui. Kanada ina kiwango maalumu cha ushuru kwa nchi maskini zaidi duniani, na Tanzania, Kongo ya Kinshasa, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo. Kitu kilichotengenezwa kwenye nchi hizo kinaweza kuingia bila ushuru, kodi inabaki palepale. Ila kiwe kimetengenezwa huko kweli. Kitenge cha China kilichopitia Kariakoo kinabaki cha China, hata ukikinusa kikawa na harufu ya nyumbani.

Ya nne: kujigombolea mwenyewe

Hii naipenda kuliko zote, ila siwezi kuiweka juu kwa sababu inakula nusu siku. Sheria inakuruhusu kugomboa mzigo wako binafsi bila wakala. Kampuni ikikutumia ujumbe kwamba mzigo umefika forodhani, wajibu kabla hawajaushughulikia: waambie utaugomboa mwenyewe na unataka nyaraka na namba ya mzigo. Wakishaulipia, umechelewa. Wa kwanza kupokea simu mara nyingi atakuambia jambo hilo haliwezekani. Omba kuongea na watu wa forodha wa kampuni hiyo, taratibu, bila kupandisha sauti.

Kisha unakwenda ofisi ya forodha, CBSA, ukiwa na kitambulisho, ankara ya duka na zile nyaraka. Piga simu kwanza, si kila ofisi inafanya kazi hiyo. Mara yangu ya kwanza ilikuwa spika ya dola 310. Afisa aliangalia ankara, akauliza imetengenezwa wapi, akachapa fomu yao iitwayo B15, nikalipa kodi kwa kadi. Ada: hakuna. Nikaituma ile fomu kwa kampuni, spika ikaletwa kesho yake. Foleni ilikuwa ya watu wawili.

Kwa kitu cha dola 60 usijisumbue, utachoma mafuta ya gari mengi kuliko utakachookoa. Kuanzia dola 250 hivi, nenda.

Ya tano: kuvuka mpaka na kuchukua mwenyewe

Upande wa Marekani, kwenye miji ya mpakani kama Blaine, Point Roberts na Ogdensburg, kuna watu wanaopokea vifurushi vya Wakanada kwa ada ndogo. Unaendesha, unachukua, unatangaza forodhani unaporudi. Kwa vitu vizito kama matairi au samani, nauli unayookoa ni kubwa.

Sasa masharti ya kuvuka na kurudi na mzigo. Ukivuka na kurudi siku hiyohiyo huna msamaha wowote, unalipa kodi kama kawaida. Ukikaa saa 24 unasamehewa hadi dola 200, na ukizidisha hata dola moja unatozwa kwa yote. Saa 48, dola 800. Na kuna pasipoti. Jirani yangu wa Bukavu ana ukaazi wa kudumu wa Kanada, kazi nzuri na gari jipya, lakini pasipoti yake bado ya Kongo, kwa hiyo anahitaji viza kuingia Detroit. Nywele za kusuka anazoagiza ng'ambo ya mto, maili mbili kutoka dirishani kwake, zinamfikia kwa ndege.

Ya kuikimbia

Huduma ya barabarani ya kampuni binafsi kwa mzigo unaozidi dola 40, isiyosema nani anabeba ada ya forodha. Na muuzaji anayejitolea kuandika dola 15 kwenye mzigo wa 150. Huo ni udanganyifu, forodha wanaweza kuuzuia mzigo, na ukipotea njiani bima itakulipa hiyo 15.

Zile buti, kumbe, zilikuwa zinabana vidole. Nikazirudisha dukani, nikatunza risiti ya kuzituma na ya kurudishiwa hela, nikajaza fomu ya forodha B2G kudai kodi yangu. Wiki kadhaa baadaye ilirudi, 12.35 kamili. Ile 36.73 ya kampuni haina fomu.