Mhadhara wa daktari: uende ukumbini Kisumu ama uskize kwa simu?

Nimejaribu zote mbili na kusema ukweli mimi naegemea ukumbi. Juzi mtaalamu alikuwa anaeleza chanjo ya malaria, ile ilianza kupeanwa Homa Bay Septemba 2019, mama mmoja huko nyuma akasimama akauliza kwa Kijaluo kama mtoto amekosa dozi ya nne afanye nini, na daktari akashuka jukwaani akamweleza polepole hadi sisi wote tukaelewa kwa nini ni dozi 4 na kwa nini neti bado ni lazima, juu chanjo inapunguza malaria kali lakini haizuii yote. Hiyo kwa simu hupati.

Simu nayo iko na uzuri wake, unaskiza ukipika, unarudisha nyuma pale hujashika, na nauli ya matatu kutoka Ahero inabaki mfukoni. Lakini bando ikiisha katikati ndio basi, na swali lako unabaki nalo.

Kama mada ni nyota ama historia, simu inatosha kabisa. Ikiwa ni afya ya mtoto wako tafadhali panda gari uende, na ubebe kile kitabu chake cha kliniki.