Maji ya Rufiji au gesi ya Songo Songo?

Aliyeishi Dar mwaka 2006 anaukumbuka mgao wa umeme: jenereta zinanguruma Kariakoo mchana kutwa, kinyozi asiye nayo amekaa mlangoni, mashine mkononi, anasubiri umeme urudi. Ukame ulikuwa umelikausha bwawa la Mtera, ghala la maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Hapo ndipo umeme wa maji unapokuangusha, mvua ikigoma.

Raha yake ni kwamba mto haukuletei bili ya mafuta. Bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Ukishalijenga, gharama kubwa imepita. Ila kulijenga, jamani, si mchezo.

Gesi haijali masika wala kiangazi. Iligunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974, ikasubiri hadi 2004 kuanza kuzalisha umeme Ubungo. Kinyerezi II, kituo cha umeme wa gesi, haipotezi hata hewa ya moto inayotoka kwenye mitambo: inachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo mwingine. Tena iko hapo hapo jijini, karibu na watumiaji. Lakini kila saa inayowaka, gesi inalipiwa, na kaboni inapanda angani.

Mimi ningetumia maji kwanza bwawa likijaa, gesi niiweke akiba ya kiangazi. Kuifunga gesi kabisa nisingethubutu: mto Ruaha Mkuu ule ule unaolisha Mtera ndio unaomwaga maji Rufiji, pamoja na mto Kilombero, kwa hiyo ukame mmoja unaweza kuyagusa mabwawa yote mawili.