Taya limekaa sawa, ila "si ulisaini?"

"Ulitaka urembo, umeupata. Halafu si ulisaini?" Hayo ndiyo majibu niliyopewa na daktari mmoja hapa Dodoma, kliniki siitaji, nilipomlalamikia ganzi ya kidevu iliyobaki tangu nifanyiwe upasuaji wa taya, baada ya kukaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Hata macho hakuyatoa kwenye simu.

Urembo? Taya langu la chini lilikuwa limelitangulia la juu hadi meno ya mbele hayakutani kabisa. Muhindi wa kuchoma nilikuwa naupukuchua kwa vidole kama nalisha kuku. Nikavaa waya za meno mwaka na ushee, nikaenda Dar, taya likakatwa pande zote mbili, likarudishwa nyuma na kufungwa kwa vibati na skrubu za titaniamu. Wiki sita za uji na supu, suruali ikawa inashikiliwa na mkanda tu. Hayo yalipita, silalamiki.

Ninacholalamikia ni kidevu. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unapita ndani ya mfupa uleule unaokatwa. Wengi ganzi huwaishia baada ya miezi. Mimi upande wa kushoto, mwaka wa sita huu, au wa saba, bado niko kama nimetoka kung'olewa jino. Ukweni Kongwa nilikula ugali kwa mlenda, mlenda ukaning'inia kidevuni mimi sina habari, mbele ya mama mkwe! Mpaka mke wangu aliponikanyaga mguu. Kinyozi akinikata, najua kwa kuona damu kwenye kioo.

Kwa hiyo msifanye? Siku ile nilitoka kliniki nikimwambia kila mtu asithubutu. Jioni nikanunua muhindi stendi, nikaung'ata safu kwa safu, hasira ikapungua nusu. Meno bado yanakutana. Yamesogea kidogo, na hilo ni kosa langu, kile kifaa cha kuvaa usiku nilikitelekeza kabatini. Haya, fanyeni basi. Ila mwenye miaka 15 asubiri kwanza, taya la chini bado linakua, kazi yote inaweza kurudi ilikotoka.

Na kuhusu kusaini: ndiyo, nilisaini. Fomu ya Kiingereza, kurasa tatu, nililetewa nikiwa nimeshavaa gauni la chumba cha upasuaji na dripu mkononi. Nikauliza ganzi itaisha lini. Nesi akasema, "Itaisha tu, kaka."