Dola 12 zenye bei tatu: tiketi ya boti Bukavu–Goma

Nauza vitenge Kadutu, soko la Bukavu, na kila baada ya wiki mbili navuka Ziwa Kivu kwenda kuchukua mali Birere, mtaa wa biashara wa Goma. Vita vilipofunga barabara ya Goma inayopita Sake mwanzoni mwa 2024, sisi wachuuzi tuligeuka watu wa boti.

Boti yenyewe naisifu. Ile kubwa ya usiku niliyopanda Julai mwaka huo iling'oa nanga kwa saa yake. Kiti cha daraja la pili kilikuwa kizima, na jaketi la kuokolea lilikuwepo; nililitoa nikavuta kamba zake moja moja, maana ziwa letu limeshameza watu wengi. Alfajiri tuko Goma, na pesa ya kulala hoteli imebaki mfukoni. Kano za kasi, zile boti ndogo za mbio, ni za wenye haraka na wenye pesa.

Kilichoniuma ni gishe, dirisha la kukatia tiketi. Tiketi ilikuwa dola 12. Siku hiyo wabadilisha pesa wa nje walikuwa wanahesabu dola kwa franga za Kongo 2,800. Nikatoa noti ya 20. Kijana wa gishe akanirudishia zile 8 kwa franga, akihesabu 2,700. Mama aliyenifuata akalipa kwa franga tupu: kwake dola ikawa 2,900. Mimi nikapoteza franga 800, yeye 1,200, na dakika tano hazijapita.

"Mwanangu, mbona dola inashuka ukitupa sisi, inapanda ukipokea?"

"Mama, hiyo ndiyo bei ya ofisi."

Bei ya ofisi haikuwa imebandikwa popote, si ukutani wala kwenye tiketi. Anayeuza nyanya atahesabu vipi safari yake?

Baada ya hapo nikawa naenda na noti ya dola 10 iliyo safi, isiyochanika hata pembeni, na franga 5,800 za zile dola 2 zilizobaki, kwa sababu noti ya dola 1 kwetu haipokelewi. Hapo nilipoteza franga 200 tu. Tiketi naikata mwenyewe gisheni, si kwa vijana wa getini wanaoongeza chao.

Na mzigo: furushi langu walilitoza dola 5. Safari iliyofuata vitenge vile vile nilivigawa kwenye mifuko miwili ya mkononi, nikapita bila kudaiwa kitu. Mizani hawana, wanatoza kwa macho. Wakileta mizani na ubao wa bei ya dola, hizo 5 nitazilipa.