Pande la barafu au tiara ya kusi?

Picha za chekechea huonyesha majira ya baridi kwa theluji ya Desemba na watoto waliovaa glavu. Hapa Lamu, Desemba ni kaskazi na jasho. Baridi yetu, kama ni baridi, ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, kusi likivuma. Basi nifundishie nini? Nimejaribu njia mbili.

Kwanza barafu, ile ile ya wauza samaki. Naweka pande ndani ya beseni, nanyunyiza chumvi upande mmoja, nadondosha rangi ya biriani. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda, kwa hiyo upande ule huyeyuka haraka, huchimbika vijishimo, na rangi huteremka ndani kama mizizi. Watoto wote huinama kimya, jambo adimu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, barafu yalia?" Tahadhari: wasishike palipo na chumvi, huunguza ngozi. Na mkeka utalowa, hilo halina dawa.

Tiara ni gazeti, njukuti za mnazi, uzi na gundi ya unga. Hailipiwi kitu. Mtoto huhisi kusi likivuta uzi mkononi, akajua linatoka upande gani. Tatizo ni mikono ya miaka minne: kufunga fundo hawawezi, nami huishia kutengeneza tiara ishirini peke yangu.

Kwa somo la asubuhi moja, nachagua barafu. Kwa Julai nzima, tiara, bora shangazi au kaka mkubwa aje kunisaidia mafundo.