Laptopu ya Bei Nafuu au Yenye Nguvu? Mwongozo wa Kununua kwa Anayeishi Lamu

Wasomaji wawili wameniandikia juu ya jambo moja katika msimu huu wa kusi, na kila mmoja alikuwa amenunua kinyume cha mwenzake. Wa kwanza ni dada wa Shela anayeshughulikia wageni wa nyumba za kupangisha. Alichukua laptopu ya bei ya chini kabisa aliyoiona dukani, na sasa haiwezi hata kupokea masasisho ya Windows kwa sababu imejaa pomoni. Wa pili ni kijana wa Mkomani anayepiga na kuhariri video za harusi. Yeye alijinyima mpaka akapata mashine kubwa ya michezo ya kompyuta, na kabla ya mwaka kwisha ikawa inanguruma mchana kutwa na kujizima katikati ya kazi. Wote wawili waliniuliza kama wangefanya vyema kuchukua ile nyingine. Jibu langu ni hapana, na sababu yake ni kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewatajia: tundu la hewa lililo chini ya laptopu, feni iliyo nyuma yake, na chumvi.

Kwa hiyo sitazungumzia ukubwa wa kioo, uzito, wala rangi ya kifuniko, kwani hayo utaambiwa dukani hata usipouliza. Nitazungumzia kile kinachoua mashine huku kwetu.

Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, chembe ya chumvi huacha kuwa kavu na hugeuka kuwa tone dogo la maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Hapa Lamu unyevu wa kiwango hicho ndio hali ya kawaida ya asubuhi na usiku. Feni ya laptopu, kwa upande wake, kazi yake ni kuvuta hewa ya nje, kuipitisha kwenye mbavu nyembamba za chuma zilizounganishwa na prosesa (ubongo wa kompyuta), kisha kuitoa kandoni ikiwa imebeba joto. Kila inapovuta hewa, huvuta na chumvi iliyomo. Mashine yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi, joto zaidi huifanya feni izunguke kwa kasi zaidi, na feni yenye kasi huingiza chumvi na vumbi zaidi. Hivyo ndivyo mashine ghali inavyoweza kuchakaa mapema kuliko ya bei ya kati, ingawa zimekaa katika chumba kimoja.

Katika kijichumba changu cha kazi hapa Langoni, ambako watu huja kujaziwa fomu za eCitizen, yaani huduma za serikali mtandaoni, na ritani za kodi za KRA, laptopu za wateja nazo huja zikiwa na maradhi yao. Ukiifungua tumbo iliyokaa miaka miwili bila kusafishwa, unakuta utando wa kijivu umegandamana kati ya feni na mbavu za kupozea, una nyuzi za mkeka na mchanga laini, na ukiushika kwa vidole una unyevunyevu. Utando huo ukiondolewa kwa kibanio hutoka mzima, kwa umbo lile lile la mlango wa hewa. Kandokando ya tundu la chaja unaweza kuona kutu ya kijani kwenye viunganishi vya shaba. Mwenye mashine huwa amekwisha kuambiwa kwamba ina virusi.

Prosesa za siku hizi zikizidiwa na joto hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na zikishindwa kabisa huzima mashine. Yule kijana wa Mkomani alilipia kasi ambayo haitumii, kwa sababu mashine yake inakimbia huku imezibwa pua. Tabia yetu ya kufanyia kazi kitandani au juu ya mkeka barazani huzidisha balaa, maana laptopu nyingi huvutia hewa kupitia chini, na godoro huziba tundu lote. Ubao mdogo wa kuwekea laptopu unasaidia kuliko gigabaiti 8 za ziada za RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi.

Kutokana na hayo, swali langu la kwanza kwa laptopu yoyote ni hili: je, fundi wa hapa kisiwani anaweza kuifungua, kusafisha feni na kuifunga tena bila kuvunja kitu? Nafasi ya kwanza naipa ThinkPad ya Lenovo, hasa zile za mfululizo wa T zilizotumika, na sifichi kwamba naipendelea. T480, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo ninayowashauri watu wengi. Skrubu za kifuniko chake cha chini zikilegezwa hubaki zimeshikilia kifuniko, kwa hiyo hazipotei mchangani. Ukishakiondoa, feni iko mbele yako. RAM inakaa katika nafasi mbili na inaweza kubadilishwa, SSD (hifadhi ya faili) inabadilika, na betri ni mbili, moja ndani na nyingine ya nje ambayo huchomolewa kwa kidole wakati mashine ikiwaka. Umeme ukikatika wakati wa ritani za mwisho wa Juni, mtu mwenye betri ya akiba kwenye mtoto wa meza huendelea na wateja wake. Zaidi ya hayo, Lenovo huweka mtandaoni kitabu cha ufundi cha kila ThinkPad, chenye picha za hatua za kuifungua, na fundi asiyewahi kuiona anaweza kukifuata.

Ina dosari, na ninazitaja kwa sababu nimesema naipendelea. Milango yake ya USB-C, ambayo ndiyo ya chaji, imechomelewa kwenye bodi kuu, kwa hiyo ikiliwa na kutu ukarabati wake ni wa fundi mwenye mkono mzuri. Pia, programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi inayotumia mlango wa USB-C) ya mashine hizi ilikuwa na kasoro ambayo Lenovo ilitolea marekebisho, hivyo hakikisha yamewekwa kabla ya kuanza kuitumia. Kioo cha toleo la bei ya chini ni hafifu na hakionyeshi vizuri barazani mchana. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za rika hilo hilo, zina nafasi mbili za RAM, na sitamlaumu anayezichukua akizikuta katika hali nzuri zaidi.

Nafasi ya pili naipa MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, kwa sababu moja tu: haina feni kabisa. Hakuna kinachovuta hewa ya bahari ndani yake, na bado ina kasi ya kuhariri video za kawaida bila kulalamika. Chaja yake ni ya wati 30, jambo ambalo mwenye umeme wa jua atalifurahia. Kinachonizuia kuiweka juu ni kwamba RAM na hifadhi yake vimechomelewa kwenye bodi, na ukinunua ya gigabaiti 8 utaishi nayo hivyo hivyo mpaka mwisho wake. Ikiharibika bodi, safari ni ya Mombasa au Nairobi.

Mashine zenye nguvu kubwa, zile zenye kadi ya picha ya peke yake, nazipa nafasi ya tatu, na kwa watu maalumu: mhariri wa video ndefu za ubora wa juu, mchoraji wa ramani za majengo kwa vipimo vya pande tatu, na anayeishi kwa kazi hizo. Kazi ya hoteli, shule, vyeti, barua na hesabu za duka haihitaji mashine hiyo, na anayeinunua kwa ajili ya heshima ya kuonekana nayo mezani atalipa gharama ya kuitunza kama mwingine yeyote. Mwenye kuihitaji ajue mambo mawili. Chaja zake nyingi huvuta wati 200 na zaidi, mzigo ambao inveta ndogo nyingi za nyumbani haziuwezi. Na lazima isafishwe mwanzoni mwa kusi na mwanzoni mwa kaskazi, si mpaka ianze kupiga kelele. Fundi aishike feni kwa kijiti isizunguke anapopuliza vumbi, afute viunganishi kwa alkoholi ya isopropili, wala asitumie spiriti ya rangi ya dukani, kisha abadilishe ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ikiwa imekauka. Mwenye bajeti ya mashine ya namna hii atenge na fedha za matunzo hayo tangu siku ya kwanza.

Laptopu mpya za bei ya chini, zenye Celeron (prosesa ya Intel ya daraja la chini), RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 iliyochomelewa, zinashika mkia. Ni kweli nyingi hazina feni, na kwa hoja yangu hilo lilitakiwa kuzipa alama. Lakini Windows 11 yenyewe inataka gigabaiti 64 kama kiwango cha chini, basi nafasi ya faili zako iko wapi? ThinkPad iliyotumika huuzwa kwa bei inayokaribiana nazo, na mara nyingine chini yake.

Sasa nije kwa wauzaji, ambao ndio chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyapokea. Utapigiwa simu na kuambiwa: "Dada, hii ni i7, hakuna iliyo juu yake." i7, kama i5, ni jina la daraja tu la prosesa za Intel; uliza namba inayofuata baada ya jina hilo. Prosesa ya i5-8350U ni ya kizazi cha nane, na kuanzia kizazi hicho Intel iliziongezea prosesa zake za laptopu nyembamba viini vya kufanyia kazi kutoka viwili hadi vinne, kwa hiyo i5 hiyo huipita i7-7600U ya kizazi kilichotangulia katika kazi nyingi. Tena Windows 11 kwa kawaida haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za zamani ambazo ofisi za Ulaya zilizitupa kwa sababu hiyo ndizo tunazosukumiwa sisi kwa jina la ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zikiwa zimepakwa rangi na kubandikwa stika mpya, na mara nyingine stika yenyewe imebandikwa juu ya tundu la hewa.

Kinachoniudhi zaidi ni waranti. Muuzaji mmoja wa Mombasa alimpa mteja wangu siku saba za kurudisha mashine, huku akijua kwamba mzigo unashuka kwa basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti, na ukirudi unafuata njia hiyo hiyo kwa gharama ya mnunuzi. Kioo kilikuwa na mstari tangu kilipofunguliwa. Alipopigiwa simu alisema bahari ndiyo iliyokiharibu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazozihitaji, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ipo tangu 2012, lakini mtu wa kisiwani anayedai haki hiyo kwa simu huambiwa aje dukani.

Kwa sababu hiyo, kabla hujatuma hata shilingi kwa M-Pesa, mwombe muuzaji akutumie picha mbili. Ya kwanza iwe ya upande wa chini wa mashine, kwa karibu, ili uone tundu la hewa na namba ya utambulisho. Ukiingiza namba hiyo katika tovuti ya Lenovo itakuonyesha mashine ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa gani na RAM kiasi gani. Ya pili iwe ya ndani ya tundu la chaja, iliyopigwa kwa mwanga wa tochi ya simu, ukitafuta ile kutu ya kijani. Risiti iandikwe namba hiyo hiyo, na siku za waranti zihesabiwe tangu mzigo ulipopokelewa Lamu, kwa maandishi. Akikataa picha ya pili, usitume pesa.