Boti za mfereji wa Khlong Saen Saep, Bangkok: nauli ya chai, mwendo wa haraka, na kamba ya kuvuta

Ukiona abiria amekaa ukingoni mwa boti na kamba inaning'inia mbele yake hajaigusa, huyo ni mgeni. Hakuna atakayemkaripia. Wa benchi la nyuma atanyoosha mkono juu ya bega lake, ataivuta, kisha atarudi kwenye simu yake kama hakuna kilichotokea. Ila siku ya pili anatarajiwa awe amejifunza.

Kamba hiyo ndiyo huduma yenyewe kwa nusu. Boti ni ndefu na nyembamba, mabenchi ya mbao yamepangwa upana wake, paa ni la turubai, na pembeni hakuna ukuta. Badala ya ukuta kuna pazia la plastiki linaloning'inia chini kwenye ukingo, limefungwa kamba zinazopita kwenye kapi juu. Aliyekaa ukingoni akivuta, pazia linapanda mpaka usawa wa macho. Akiachia, linashuka. Unavuta pale boti ya upande wa pili inapokaribia, maana mfereji ni mwembamba na mawimbi yakigonga kuta za zege hurudi kwa nguvu ileile. Ukichelewa sekunde mbili, maji yanaingia, na si wewe peke yako utakayelowa. Benchi zima litakugeukia. Ukilishikilia juu muda wote nalo ni kosa: hewa inakata, na konda, ambaye anatembea kwa nje, hakuoni wala hawezi kupokea nauli. Boti ikikaribia gati, achia, watu wapande.

Usafiri huu ulianza mwaka 1990, na unaendeshwa na kampuni binafsi. Mfereji ni mkongwe zaidi: ulichimbwa kati ya 1837 na 1840, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili kupeleka askari na vifaa upande wa mashariki. Jina lake wengi hulieleza kuwa ni "michomo laki", kwa ajili ya mbu. (Ndiyo, Kithai nacho kina neno moja la laki: saen.) Sehemu inayopitiwa na boti ni kilomita 18 hivi, kutoka Phanfa karibu na hekalu la Mlima wa Dhahabu, hadi Wat Sriboonruang upande wa Bang Kapi. Barabara ya Phetchaburi inakwenda sambamba na mfereji kwa kipande kikubwa, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana: saa kumi na moja jioni juu kuna foleni ya kulala, chini boti inapita.

Kupanda ndiko kunakowashinda wengi. Boti haifungwi gatini ikatulia. Konda anarusha kitanzi kwenye nguzo, boti inajisugua kwenye matairi kuukuu yaliyotundikwa, na una sekunde chache tu. Wanaoshuka kwanza, kisha wanaopanda. Mkono mmoja ushike kamba ya paa au nguzo kabla mguu haujaondoka gatini. Mguu wa kwanza ukanyage ukingo wa boti, wa pili uingie moja kwa moja ndani kwenye benchi au sakafu. Usisimame ukingoni kutafuta nafasi kwa macho. Ingia popote penye upenyo, utahama baadaye. Mabegi yawe kifuani, simu iwe mfukoni: kilichoanguka hapo kimeanguka. Maji yakipungua boti inakaa chini sana ya gati, basi kaa kitako kidogo, ushuke kwa makalio. Mabibi wa Kithai wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayecheka.

Kwa mavazi marefu, iwe baibui, kanzu au gauni, kusanya pindo kwa mkono usioshika kamba kabla hujainua mguu. Akina mama wa Kiislamu wa Ramkhamhaeng hupanda wakiwa na vitambaa virefu na mifuko ya soko, na siri yao ni hiyo tu. Viatu visiwe vya kuteleza. Ndala za plastiki laini kwenye ukingo uliolowa ni kujitafutia.

Makonda wamevaa helmeti, na si urembo. Wanatembea juu ya ukingo kwa nje, upana wa kiganja, boti ikiwa kwenye mwendo, na madaraja ya mfereji huu ni ya chini. Upande wa Phanfa yapo ya chini kiasi kwamba paa lote hushushwa: kioo cha mbele kinalala, turubai linateremka, na abiria wanainamisha vichwa mpaka mwanga urudi. Usiinuke kupiga picha hapo. Aliyezoea daladala atamwelewa konda huyu bila mkalimani, maana anatazama sura mpya zilizoingia na anazikumbuka zote.

Nauli ni ya umbali, kati ya baht 10 na 20 na kitu. Mtajie gati unaloshukia naye atakukatia karatasi ndogo. Toa sarafu au noti ya 20. Ya 100 inapokelewa, ya 1,000 ni dharau. Kumwita, tumia "phi", yaani dada au kaka mkubwa, hata kama unaona ni mdogo kwako, na umalizie na "khrap" kama wewe ni mwanamume au "kha" kama ni mwanamke. "Phi, long Nana Nuea kha" inatosha: dada, nashuka Nana Nuea. Sema mapema, hasa magati ya mbali nje ya saa za kazi, kwa sababu boti isipoona wa kupanda wala kusikia wa kushuka inapita. Na utamke lile jina lote. Nana yapo mawili yanayofuatana, Nana Nuea na Nana Chard, na kukosea moja ni kutembea juani.

Tiketi usiitupe. Njia zimegawanyika mbili, na zinakutana Pratunam. Ukitoka Phanfa kwenda Ramkhamhaeng, Pratunam wote mnashuka, mnavuka kwenda boti nyingine, na tiketi ileile inaendelea. Wageni huitupa majini (kosa la pili hilo) kisha hulipa upya. Saa ya kutoka kazini, Pratunam huwa ni msukumano wa kimyakimya: hakuna anayepiga kelele, hakuna anayeacha nafasi. Simama kwenye mstari wa gati, si nyuma ya nguzo kwa adabu. Ukisubiri ualikwe utasubiri boti tatu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, magati yenye faida ni haya. Talat Bobae ni soko la nguo za jumla, na wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanalijua. Bidhaa hapo huuzwa kwa dazeni au nusu dazeni, na gati liko sokoni penyewe. Pratunam ni nguo vilevile, pamoja na jengo la Platinum kwa wanaonunua vipande vichache. Sampuli zitaingia botini ndani ya begi la mgongoni. Robota haliingii, na konda ana haki ya kukukatalia. Mzigo ni wa watu wa kago, usilete ubishi. Nana Nuea ni la kwenda Sukhumvit Soi 3, kwenye hospitali ya Bumrungrad ambayo hupokea wagonjwa wengi kutoka nje, na vichochoro vya chakula cha Kiarabu na cha Pembe ya Afrika, kwa hiyo halali haina shida. Asoke inakuunganisha na treni ya chini ya ardhi stesheni ya Phetchaburi, na ya uwanja wa ndege stesheni ya Makkasan. Sapan Hua Chang ni la kwenda Siam na MBK, kwenye maduka makubwa. Ramkhamhaeng kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 1971, vyumba vya bei ya mwanafunzi, na Waislamu wengi.

Gati la Ban Krua Nuea lina neno lake. Kijiji hiki cha ukingoni ni cha Waislamu wa asili ya Cham, kabila la pande za Vietnam na Kambodia, waliopewa ardhi mwanzoni mwa utawala wa ukoo wa kifalme wa Chakri kwa kupigana upande wa Siam, yaani Thailand ya zamani. Walikuwa wafumaji wa hariri, na ndio waliomfumia Jim Thompson, Mmarekani mfanyabiashara wa hariri, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Msikiti upo, vyakula halali vipo, na vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Ukishuka hapo, usipite na kamera mbele ya milango ya watu.

Ndani ya boti adabu ni chache lakini zinahesabiwa. Mtawa wa Kibuddha akiingia, mwanamke hakai akamgusa. Watu hupangana upya bila kusemezana, wewe fuata tu unavyosogezwa. Mguu haupandishwi kwenye benchi la mbele, kwani unyayo kumwelekea mtu ni matusi. Ukipita kati ya watu, inama kidogo, na usishike kichwa cha mtu kujizuia usianguke, hata cha mtoto. Shika mgongo wa benchi.

Sasa maji. Ni machafu, na harufu yake hubadilika na msimu: kiangazi inakaza, mvua zikianza inapungua. Mfereji hautiririki kwa hiari yake, viwango vyake hutawaliwa kwa milango ya maji, na maji taka ya jiji huishia humo. Tone likiingia machoni, suuza kwa maji safi ya chupa na usikune. Aliye na kidonda kibichi mguuni akifunge au apande treni. Wenyeji wengi hujifunika pua kwa kitambaa boti ikiwa inasimama, kwa sababu moshi wa dizeli ndio unaochosha kuliko harufu. Kaa mbele ya katikati: nyuma kuna injini na kelele, mbele kabisa kuna rasharasha. Nafasi bora ni ya pili kutoka ukingoni, ambapo kamba si jukumu lako na hewa bado inakufikia. Kwa hiyo ndiyo inayojaa kwanza.

Usalama: Machi 2016, boti iliyokuwa ikitumia gesi ililipuka kwenye gati la Wat Thep Leela na watu zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Boti za gesi zikasimamishwa. Hatari ya kila siku ni nyepesi zaidi lakini ipo, nayo ni ule mguu kati ya boti na gati. Mjamzito, mzee wa magoti, na mwenye mtoto wa kubeba wasipande saa za msongamano. Mchana, kati ya saa nne na saa tisa, wanaweza, na konda atawashika mkono bila kuombwa. Kiti cha magurudumu hakina njia kabisa, na hilo ni doa kubwa kwa usafiri unaotegemewa hivi na jiji.

Mvua za Septemba na Oktoba huleta tatizo lingine. Maji yakipanda, paa halipiti chini ya daraja hata likishushwa, na safari zinasitishwa, mara nyingine kipande kimoja tu. Tangazo hubandikwa gatini kwa Kithai. Ukikuta gati tupu saa ya kazi na vibanda vya matunda vimefungwa, usisubiri.

Ukilinganisha na treni ya juu, boti inashindwa kwa starehe na usafi, inashinda kwa bei, na kwa safari za mashariki kwenda mji wa zamani inashinda hata kwa muda, maana treni haijafika Phanfa. Mwenye mkutano na shati jeupe apande treni. Mwenye shughuli tatu kwa siku, Bobae asubuhi, hospitali mchana, Ramkhamhaeng jioni, hana cha kuchagua kingine.

Boti ya mwisho huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani. Siku za kazi usiitegemee baada ya saa moja usiku, na wikendi inaisha mapema zaidi. Muulize konda asubuhi, na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana: kwa mazungumzo, Mthai anahesabu usiku kama sisi. "Nueng thum" ni saa moja usiku, "song thum" ni saa mbili, mpaka "ha thum", saa tano. Usiipeleke hesabu hiyo mchana, kwani "bai song mong" si saa mbili bali saa nane. Ikikupita, panda ngazi mpaka darajani; bodaboda wa vizibao vya rangi ya machungwa huwa wamekaa hapo wanakungoja, na bei yao ni mara tatu au nne ya boti.